Joto Kali Huidhoofisha Ndege Muda Mrefu Kabla Haijayeyuka

Ukitaja joto la ndege iendayo kasi kuliko sauti, wengi hufikiria kuyeyuka. Watafiti wa muundo wa ndege huanza kuhangaika mapema zaidi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini aloi zake nyingi (mchanganyiko wake na metali nyingine) hupungua nguvu zikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 150 hivi. Ndiyo sababu Concorde, ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, haikuvuka sana mara mbili ya kasi ya sauti: pua yake ilifikia nyuzi 127, na ikiwa angani mwili wake ulirefuka kwa sentimita 15 au zaidi.

Joto hilo, kinyume cha inavyosemwa, si la msuguano tu. Kasi inapokuwa kubwa mno, hewa ya mbele haiwahi kupisha. Hubanwa ghafla, nayo ikibanwa hupata moto.

Kinachosumbua zaidi ni kutanuka kusikolingana. Mita moja ya aluminiamu ikiongezewa nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 2.3, titani 0.9 hivi. Ukizifunga pamoja kwa riveti, tundu litapanuka au bati litapinda. Hata metali ikiwa moja, bati la nje huwahi kupata moto huku mbavu za ndani zikiwa bado baridi. Bati hutaka kutanuka, mbavu hulizuia, nalo hujikunja mawimbi.

Kwenye kingo za mbele za mabawa ya Space Shuttle, chombo cha angani cha Marekani, ambako joto lilipita nyuzi 1,600, ilitumika kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Joto lenyewe haliisumbui. Adui yake ni oksijeni, inayoanza kuila kwenye nyuzi 500 hivi. Kwa hiyo hupakwa silikoni kabidi, nayo ina kasoro yake: ikipoa baada ya kutengenezwa husinyaa kuliko kaboni iliyo chini, ikaacha nyufa nyembamba. Nyufa hizo huzibwa kwa kioo, ambacho kikipata moto hulainika na kujaza mapengo.

Maabara hupasha kipande cha muundo kwa taa zenye mirija ya kwatzi huku mashine ikikivuta au kukikandamiza. Mpangilio ni muhimu: kwanza mzigo bila joto, kisha joto bila mzigo, ndipo vyote pamoja. Hatua ya pili hairukwi, kwa sababu vihisi vya kupima mvutiko navyo hubadilika kwa joto, na kosa hilo lazima lijulikane ili liondolewe kwenye hesabu.

Themokapo, kihisi cha kupima joto kinachobandikwa kwenye kipande, inaweza kuharibu jaribio. Ikibanduka, husoma joto la chini kuliko halisi. Kidhibiti cha taa hudhani kipande kimepoa, huongeza umeme wa taa, na kipande huungua. Weka angalau mbili kila eneo, na mfumo wenyewe uzime taa pindi vipimo vya themokapo hizo vinapotofautiana kupita kiwango kilichowekwa.