"Mpeleke shule yao": neno ambalo sheria ilishalifuta

Kila Januari, wiki za kuandikisha darasa la kwanza, wazazi hufika kwetu na malalamiko yanayofanana. Wa mwisho alikuwa mama mmoja kutoka Wilaya ya Bahi, amembeba mgongoni binti wa miaka minane asiyetembea. Shule ya kijijini kwao ilimjibu kwa upole kabisa: "Mama, huyu mpeleke shule yao." Mimi hufundisha walimu wa elimu maalumu hapa Dodoma, na neno hilo "yao" nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naona ni lazima tueleze lilikotoka.

Lilianzia hapa hapa kwetu. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wavulana wasioona Buigiri, jirani na Chamwino Ikulu ya leo. Ndiyo shule ya kwanza ya elimu maalumu Tanganyika. Anayeijua nchi ya Ugogo haoni ajabu kwamba wasioona walifikiriwa mapema. Ukame wetu na uhaba wa maji vimeilea trakoma kwa vizazi. Ni ugonjwa unaosambazwa na mikono, vitambaa na nzi wanaotua usoni kwa mtoto; ukirudia rudia, kope hujikunja kuelekea ndani na kukwaruza jicho hadi mtu anapofuka. Uso kunawishwa kwa maji na sabuni ni kinga kubwa, lakini kama ndoo moja ya maji inafuatwa mwendo wa saa mbili, uso wa mtoto husubiri.

Baada ya Uhuru, miaka ya 1960, makanisa yaliendelea: Tabora kukawa na shule ya wasioona na ya viziwi, Irente kule Lushoto ikafunguliwa ya wasichana wasioona. Nawaheshimu sana waliozianzisha. Walifundisha nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na lugha ya alama wakati wengine hawakuamini kwamba watoto hawa wanafundishika. Ila zilikuwa shule chache, za bweni, za mbali. Mtoto akiondoka kijijini, kijiji kilibaki kikiamini kwamba kumfundisha ni kazi ya watu wengine, mahali pengine. Huko ndiko "yao" ilikozaliwa.

Sheria nayo ilichukua muda kubadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule. Umoja wa Mataifa ukaufanya 1981 kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Hilo neno "matunzo" lisipite hivi hivi. Swali la sheria ile lilikuwa nani amtunze mtu huyu: ndugu zake au halmashauri? Ilikuwa hatua, nakubali, lakini mtunzwaji hudai nini? Hungoja.

Mahali pengine mabadiliko yalipitia mahakamani. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilikuwa na sheria iliyoruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake ilihesabiwa kuwa haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Wazazi wakafungua kesi mwaka 1971, wakapata walichodai, na mwaka 1975 taifa lote likapata sheria inayompa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure pamoja na mpango wake binafsi wa masomo ulioandikwa.

Sisi tuliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu Novemba 2009, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, iliyozifuta zile mbili za 1982. Hata jina limegeuka: kwanza watu, kisha ulemavu. Wapo wanaosema hayo ni maneno tu. Sikubaliani nao. Kiswahili kilimweka kilema kwenye ngeli ya kiti na kikapu, na mtoto hulisikia hilo kila siku. (Neno kiziwi nalo limo ngeli hiyo, ila viziwi wenyewe wamelishika jina lao kwa fahari, chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, basi tuwaite wanavyotaka.)

Kuhusu elimu, sheria hiyo inasema mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Tafsiri yake kwa yule binti wa Bahi ni nyepesi. Miguu haimo kwenye mawasiliano. Shule ya kijiji ni yake, na kinachodaiwa ni njia ya mteremko mlangoni, choo anachoweza kukitumia, na dawati la urefu unaomfaa.

Kwa kiziwi hali ni tofauti, nami sitamshauri mzazi amweke mtoto kiziwi katika darasa ambalo hakuna hata mmoja ajuaye lugha ya alama, eti kwa sababu ni jumuishi, yaani linachanganya watoto wote. Huko ni kumkalisha kimya miaka yote ya shule ya msingi. Huyo atafutiwe shule ya viziwi, au shule ya kawaida yenye kitengo cha viziwi na mwalimu aliyesomea. Mwenye uoni hafifu huhitaji kiti cha mbele na maandishi makubwa, na katika mtihani wa darasa la saba watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Mwalimu mkuu na ahakikishe ameyaandika mahitaji hayo mapema, wakati wa usajili wa mtihani.

Mzazi, ukikataliwa, usirudi nyumbani moja kwa moja. Nenda halmashauri, umuulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu, uombe mtoto apimwe ili ijulikane anahitaji nini hasa. Na shule iliyokukatalia, iombe sababu kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri. Mama wa Bahi alipoiomba barua hiyo, alipewa fomu ya kuandikisha.