Florosisi ya chai ya matofali ni nini?

Mtu wa Arusha au Meru akisikia florosisi, huwazia maji ya kisima. Kwa Watibeti, watu wa Tibet huko China, maji mara nyingi hayana tatizo. Floraidi, madini yanayoleta ugonjwa huu yakizidi mwilini, inatoka kwenye chai. Florosisi ya chai ya matofali ni ugonjwa wa meno na mifupa unaowapata watu wanaokunywa chai hiyo kila siku kwa miaka mingi.

Mchai hufyonza floraidi kutoka kwenye udongo wenye asidi na kuirundika majanini. Jani likikaa sana mtini, floraidi huzidi. Mchumaji wa Kericho huchuma chipukizi na majani mawili ya juu. Tofali la chai ni kinyume chake: majani yaliyokomaa pamoja na vijiti vyake, yakapigwa mvuke na kushindiliwa. Ni bei rahisi na lilistahimili safari ndefu kutoka Sichuan hadi Tibet. China iliweka kikomo mwaka 2005: miligramu 300 za floraidi kwa kilo. Matofali mengi yamepimwa yakakutwa yamepita hapo.

Piga hesabu ya tofali lenye miligramu 500 kwa kilo. Gramu 10 zina miligramu 5. Ukizichemsha katika lita moja na zikatoka miligramu 3 tu za floraidi, umeshapata mara mbili ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Lita mbili kwa siku ni miligramu 6, kiwango ambacho kikipitwa mifupa huanza kuwa hatarini. Na lita mbili si nyingi kule Tibet: chai husukwasukwa na chumvi na siagi ya yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, hunywewa kutwa, kisha hiyohiyo hukandiwa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa.

Kuchemsha sana hakusaidii. Floraidi si kijidudu. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki yanakolea zaidi.

Mtoto huathirika meno ya kudumu yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8. Yanaota na mabaka meupe au ya kahawia, na kuacha chai ukubwani hakuyafuti. Mtu mzima huumwa viungo na mgongo hukakamaa.

Dawa ya kweli ni tofali la majani machanga. Ukilivunja ukaona vijiti vingi, hilo ni la majani makuukuu: tia kidogo, chemsha kwa muda mfupi, na mtoto mpe maziwa au maji.