Liacheni neno "new", halina hatia

Wiki hii tena, ile hofu kwamba `new`, neno la kuumba obijekti (kifurushi cha data na kazi zake) katika lugha kama PHP na Java, hulemea programu. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, kaniletea kodi ya programu yake niipitie. Klasi ya Ankara (kiolezo cha kuundia obijekti za ankara) kaifuta yote, kaweka arei tu, yaani orodha za data, na juu kaandika: "kupunguza obijekti, ukurasa uwe mwepesi." Ukurasa wenyewe unaorodhesha ankara 400, na ulikuwa unachukua karibu sekunde mbili kufunguka. Baada ya jasho la siku mbili? Karibu sekunde mbili.

Sikatai, hofu hii ina chanzo. Kwenye PHP 4, ukiikabidhi obijekti kwa kigeu kingine ilikuwa inanakiliwa nzima nzima. Lakini PHP 5 ilitoka 2004, jamani! Tangu hapo kinachopita mkononi ni kishikio tu, na PHP 7 ya 2015 ikabana memori zaidi. Java nayo, HotSpot (injini inayoendesha programu zake) ikitaka nafasi ya obijekti changa kwa kawaida husogeza pointa, alama ya memori ilipoishia kutumika, mbele, basi.

Sasa pale panaponikera. Mtu anapima `new Ripoti()`, anaona milisekunde 30, anaanza kuilaani `new`. Hebu ifungue hiyo konstrakta, kodi inayokimbia obijekti inapoumbwa. Inafungua muunganisho wa hifadhidata, inasoma faili la mipangilio, halafu inaiuliza seva ya mbali viwango vya fedha ambavyo ripoti hii haivitumii kabisa. Kujifungua kumegharimu chini ya mikrosekunde. Zilizobaki ni za sherehe ya arobaini, na umealika mtaa mzima. Konstrakta ipokee vitu vyake, ivishike, inyamaze. Kazi nzito isubiri mpaka iitwe.

Na kijana wetu? Ndani ya `foreach`, kitanzi kinachopitia ankara moja moja, kulikuwa na mstari ambao hakuugusa: `tafutaMteja($a['mteja_id'])`. Unaonekana mpole. Kumbe kila ukipita unakimbilia hifadhidata kumleta mteja mmoja, unarudi, unakwenda tena. Milisekunde 4 mara 400, piga hesabu mwenyewe. Tulipowaleta wateja wote kwa kwiri moja (ombi moja kwa hifadhidata), ukurasa ukashuka chini ya robo sekunde.

Lakini kuna wakati obijekti huwa nzito kweli. Ukitoa rekodi 200,000 kupitia ORM (maktaba inayogeuza rekodi za hifadhidata kuwa obijekti), kila moja ivishwe obijekti na ifuatiliwe mabadiliko yake, memori italia. Hapo natumia arei bila aibu. Mpaka uko wapi? Nimeona rekodi 5,000 zikilemea seva na 50,000 zikipita kimya, kwa hiyo namba ya jumla sina, na anayekupa moja mshuku. Hata vipimo vyangu nimevishuku: niliwahi kujigamba kwamba Java inaumba obijekti karibu bure, kumbe kompaila (kitafsiri cha kodi) iliona haitumiki popote ikaiondoa kabisa. Nilikuwa napima hewa.

Klasi ya Ankara tumeirudisha. Profaila, kipima muda wa kila sehemu ya kodi, nimemwekea kijana kwenye mashine yake, na nimemwambia mabadiliko yajayo aje na picha ya profaila, ya kabla na ya baada.