Je, wajua kwa nini askari wa Mjerumani waliishi kambini na wake zao?

Picha za askari wa Mjerumani, yaani Waafrika waliotumikia jeshi la koloni la Ujerumani Afrika Mashariki, zinafanana: mstari umenyooka, bunduki begani, tarbushi imefunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo na jua. Kisichoingia kwenye picha hizo ni kijiji kilichokuwa jirani na uwanja wa gwaride, chenye vibanda, moshi wa kuni, kuku, watoto na vinu. Humo ndimo askari walimolala, mtu na mke wake, wengine na wake zaidi ya mmoja, pamoja na watoto, jamaa na maboi, yaani watumishi. Jeshi lililoogopwa nchi nzima kwa ukali wake liliishi kifamilia.

Historia yake kwa ufupi. Mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitumwa kuzima vita vya Abushiri, upinzani wa watu wa pwani dhidi ya utawala wa Wajerumani. Ujerumani haikuwa na jeshi la makoloni, kwa hiyo alipitia Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600 waliowahi kutumikia jeshi la Misri, wengine akawapata kusini mwa Msumbiji. Wasudani wale walikuja na familia zao, na vyeo vya Kituruki vikaja nao: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Mwaka 1891 kikosi hicho kikageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Kufikia 1914 lilikuwa na kampuni 14, askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani kama 260, wametawanyika tangu Lindi hadi Bukoba.

Ukiuliza kwa nini wanawake waliruhusiwa, jibu linalotolewa haraka ni kwamba ilikuwa starehe tu, zawadi ya kumtuliza askari, na kwamba nidhamu yenyewe ilitoka kwenye kiboko. Jibu hili lina mizizi mirefu, na si bure. Kiboko kilikuwepo. Agizo la Kansela wa Ujerumani la tarehe 22 Aprili 1896 liliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na likaruhusu adhabu itolewe kwa awamu mbili, mradi ya pili isije kabla ya wiki mbili kupita. Mzungu alitakiwa awepo akishuhudia, na daktari, kama yupo, ampime mtu kwanza. Wanawake hawakuruhusiwa kuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Kikomo hicho, kama vikomo vingi, kikageuka kuwa kawaida, na "hamsa ishirini", yaani ishirini na tano, likawa jina ambalo watu walilihusisha na serikali yenyewe. Askari naye hakusalimika. Alichapwa, alifungwa mnyororo, alishushwa cheo, alifukuzwa kazi.

Lakini hebu tupige hesabu. Kampuni moja ilikuwa na askari 160 hivi, wenye bunduki, chini ya Wajerumani wasiofika 20, tena wengine wao wakiwa wagonjwa wa malaria. Kituo kiko Mahenge, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani, na porini kunaanzia pale mwisho wa shamba la muhogo. Askari aliyechoka kuchapwa angeweza kuondoka usiku na bunduki yake, na nani angemfuata kama si askari wenzake? Isitoshe, aliyeshika kiboko mara nyingi alikuwa askari. Ofisa alitegemea utiifu wa watu hawa hata kabla ya adhabu ya kwanza kutolewa. Kwa hiyo kiboko kinaeleza jinsi raia walivyotishwa, na kinaeleza kwa sehemu ndogo tu jinsi askari walivyobaki kazini. Maelezo makubwa zaidi yako kwenye chakula.

Jeshi hili halikuwa na jiko la askari. Akiwa kituoni, askari alipokea mshahara kwa rupia akajitafutia chakula sokoni. Safarini alipimiwa posho. Posho ilikuwa nafaka, na mara nyingi haijasagwa: mtama, mahindi, mpunga. Kipimo kilichozoeleka kwa mtu mmoja kwa siku kilikuwa kibaba, kama robo tatu ya kilo.

Chukulia mfano wa shule ya bweni isiyo na jiko. Saa kumi na moja jioni kila mwanafunzi anapimiwa kibaba cha mtama mkavu na kuambiwa kuwa kengele ya kesho ni saa kumi na mbili kamili asubuhi, awe amekula, amevaa, yuko mstarini. Haya, aanze. Kinu hana. Akiazima, atatwanga kuondoa kumvi, atapeta, atasaga juu ya jiwe, atachekecha. Bado kuni. Bado maji, na mto uko bondeni. Atakapomaliza kusonga ugali ni usiku mwingi na daftari hajaligusa. Wakifanya hivyo wanafunzi 160 kila siku, masomo yamekwisha. Mwalimu mkuu amebaki na njia mbili: ajenge jiko na kuajiri wapishi, au amruhusu kila mwanafunzi aje na mtu wake wa nyumbani.

Wajerumani walichukua njia ya pili, kwa sababu haikuwagharimu kitu. Serikali ililipa mshahara mmoja na kupata kazi ya watu wawili, au watatu ukimhesabu boi. Mke alitwanga, alipika, alifua kaki, aliuguza, alilima kibustani nyuma ya kibanda, na kampuni ikihama alibeba chungu na mtoto. Hakuwa kwenye orodha ya mishahara.

Jinsi kazi hiyo ilivyokuwa na uzito inaonekana pale ilipokosekana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Uganda na kwingineko, bila familia. Wengi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika harakaharaka, nusu mbichi, huku baadhi yao wakiwa wamekulia ndizi au wali. Walikufa makumi ya maelfu, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa.

Chakula kikishaeleweka, nidhamu inaeleweka pia. Mwenye kibanda, mke, watoto na mbuzi wawili watatu ni vigumu kutoroka. Kijiji cha askari kilimpa hadhi: alikuwa bwana mwenye watu wanaomtegemea, na kufukuzwa kulimpotezea vyote. Ndiyo maana kamanda hakuweza kupuuza ugomvi wa vibandani. Kwenye wilaya zilizokaa chini ya jeshi, kama Iringa na Mahenge, yeye alikuwa mkuu wa kampuni na hakimu kwa pamoja, na kwenye shauri bomani alisikiliza mambo ya mahari, ya madeni, ya mke aliyehamia kibanda cha jirani. Ofisa aliyefundishwa Prussia kupanga mashambulizi, asubuhi nzima anaamua nani arudishiwe mke. Napenda sana picha hiyo, nakiri.

Ila tusiipambe. Neno "mke" kwenye maandishi ya maofisa linafunika mambo mengi. Wapo walioolewa kwa ridhaa na mahari, na wapo waliotekwa: katika vita dhidi ya Wahehe miaka ya 1890, na tena katika Maji Maji kuanzia 1905, wanawake walikamatwa na baadhi yao wakaishia kwenye vibanda vya askari. Waliotuachia habari ni maofisa wa kiume karibu wote, hivyo sifa wanazotoa kuhusu wanawake wachangamfu na wavumilivu zisomwe kwa tahadhari. Kilichomfunga askari kwa kijiji kilimfunga na yule mwanamke, tena yeye bila mshahara.

Mfumo ulipimwa kweli baada ya 1914. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili kushika uongozi wa jeshi Januari mwaka huo, alivuka Ruvuma Novemba 1917 akiwa na Wazungu wasiozidi 300 na askari wapatao 1,700. Nyuma yao walikuja wapagazi, na msafara wa wanawake. Kwenye kumbukumbu zake anaeleza taabu ya kuwafanya wanawake hao watembee kwa mpangilio, na jinsi walivyong'aa kwa nguo mpya za rangi kila ghala la adui lilipotekwa. Watoto walizaliwa njiani. Msafara huo ulizunguka Msumbiji, ukarudi, ukaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba 1918 ukajisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, ukiwa na Wazungu 155 na askari zaidi ya 1,100.

Waingereza nao hawakuubomoa utaratibu huu. Hata kabla vita havijaisha walikuwa wameanza kuandikisha mateka waliokuwa askari wa Mjerumani kwenye kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika. Huko nako, kandokando ya kambi, kulikuwa na nyumba za wake na watoto.