Hila ya vita na khiyana: mpaka uko wapi?

Waislamu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume isemayo kwamba vita ni hadaa. Wanasheria wa vita hawana ugomvi nayo. Askari akijipaka matope na kujifunika majani, akiunda vifaru vya mbao ili ndege za adui zimalize mabomu bure, au akitangaza redioni njia asiyokusudia kupita, hiyo ni hila, na ni halali. Kinachokatazwa ni khiyana. Neno hilo tunalo siku zote: mtu amekuamini, nawe ukaitumia imani yake kummaliza.

Kifungu cha 37 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kinakataza kumuua, kumjeruhi au kumkamata adui kwa khiyana. Maana yake ni kumfanya aamini kwamba sheria ya vita inakulinda wewe, au inamlinda yeye, huku umeshanuia kumgeuka. Unapandisha bendera nyeupe, anashusha bunduki, unampiga. Unajilaza kama majeruhi, anakuja kukuinua, unamchoma kisu. Unavaa kiraia ili akupishe, kisha unamshambulia.

Anayeficha mtego chini ya majani ameyadanganya macho ya adui tu. Mwenye bendera nyeupe ameitumia sheria yenyewe kudanganyia, na kesho askari anayesalimu amri kweli hataaminika. Atapigwa risasi mikono ikiwa juu.

Mfano unaowagawa watu ni wa Kolombia, tarehe 2 Julai 2008. Askari wa serikali waliingia msituni Guaviare kwa helikopta nyeupe, wakijifanya watu wa shirika la misaada, wakawatoa mateka 15 wa waasi wa FARC, akiwemo mwanasiasa Ingrid Betancourt aliyekuwa ameshikiliwa tangu 2002. Risasi haikulia hata moja. Nani asingeshangilia? Lakini mmoja wao alivaa alama ya Msalaba Mwekundu, na Rais Álvaro Uribe akalazimika kuomba radhi. Kuitumia vibaya alama hiyo ni kosa peke yake, hata asipoumia mtu. Tena makamanda 2 wa waasi walikamatwa ndani ya helikopta, na kukamata kumo katika Itifaki. Kwa upande mwingine, Itifaki hiyo iliandikwa kwa vita vya nchi na nchi, na Mkataba wa Roma wa mahakama ya ICC unataja kuua na kujeruhi tu. Mimi naona walivuka mpaka, ingawa matokeo yalifurahisha.

Jenin, Ukingo wa Magharibi, tarehe 30 Januari 2024, hali ilikuwa nzito zaidi. Makomando wa Israel waliingia hospitali ya Ibn Sina wakiwa wamevaa kama wahudumu wa afya na raia, baadhi mavazi ya kike, wakawaua Wapalestina 3 ambao Israel ilisema ni wapiganaji. Hata kama walikuwa wapiganaji kweli, swali la khiyana linabaki: koti la daktari lilitumika kuwafikia na kuwaua.