Kupoza mguu wa farasi kwa maji baridi: maswali na majibu

Farasi ametoka mbioni, mguu wa mbele umevimba na una joto chini ya goti. Nianzie wapi?

Mvue tandiko, msimamishe mahali tambarare, kisha pitisha kiganja kutoka gotini hadi kwatoni. Anza na mguu mzima ili mkono upate cha kulinganisha. Kabla ya kufungua maji, angalia mambo manne yasiyosubiri: farasi hakanyagi kabisa, kifundo cha juu ya ukwato kimeshuka kuelekea ardhini, ncha ya ukwato inainuka anaposimama, au kuna jeraha karibu na kiungo, hata likiwa dogo kama tundu la mwiba. Ukiona mojawapo, usimtembeze, na mpigie daktari wa mifugo kwanza. Jeraha likitoa majimaji ya manjano yanayovutika kama ute wa yai, huenda kiungo kimefunguka, na hilo ni jambo la dharura.

Dalili hizo zisipokuwepo, anza kupoza mara moja. Saa za mwanzo ndizo zenye faida kubwa kuliko zote.

Kwa nini baridi hufaa sana kwa mguu wa chini?

Kwa sababu chini ya goti farasi karibu hana nyama. Kuna mfupa wa muundi, kano, ligamenti, mishipa na ngozi, basi. Baridi haina safari ndefu.

Kano iliyo nyuma ya muundi hufanya kazi kama mpira: hunyooka farasi anapokanyaga, hurudi anapoinua mguu. Sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto, na ndani ya kano hiyo imepimwa hadi 45°C wakati farasi akikimbia kwa kasi kamili. Nyuzi zikikatika, mishipa midogo huvuja, uvimbe hujaa, na vimeng'enya vinavyosafisha tishu zilizokufa huanza kula hata nyuzi zilizosalimika. Baridi hubana mishipa, hupunguza kasi ya vimeng'enya hivyo na hutuliza neva. Nyuzi zilizokatika haiziungi. Kazi yake ni kuzuia jeraha dogo lisiwe kubwa.

Maji ya bomba yanatosha?

Inategemea uko wapi. Maji ya alfajiri katika nyanda za juu za Kenya yanasaidia. Maji ya saa saba mchana kutoka tangi la juu ya paa Mombasa au Muscat ni ya vuguvugu, na yaliyolala ndani ya mpira juani yanaweza hata kuunguza. Bahari ya Hindi ufukweni nayo ni ya joto. Kumwingiza farasi baharini kunampumzisha, ila hakupozi kano. Tumbukiza kipimajoto kabla ya kuamini mkono wako.

Lengo ni kuishusha tishu yenyewe hadi kati ya 10 na 19°C. Maji ya bomba peke yake ni nadra kufika huko. Yatumie kuondoa tope na kuanzia kazi saisi (mtunza farasi) mwingine anapofuata barafu.

Barafu naiandaaje?

Tumia ndoo ya mpira iliyo pana, na ung'oe mpini wake, maana farasi akishtuka mpini humnasa mguu. Saisi mmoja amshike kwa kamba. Asifungwe kwenye nguzo. Safisha ukwato, mwingize mguu kwenye maji ya kawaida yanayofika juu ya kifundo, mwache azoee dakika mbili au tatu, ndipo uongeze barafu iliyopondwa kidogo kidogo hadi iwe takriban nusu kwa nusu na maji. Kama kano imeumia katikati ya muundi, ndoo fupi haifai: tafuta kiatu kirefu cha barafu kinachofika karibu na goti. Anayehudumia achuchumae pembeni, asipige magoti.

Maji yenye barafu hupoza vizuri kuliko barafu isiyo na maji, kwani hugusa ngozi pande zote. Pia hayashuki chini ya 0°C, hivyo ngozi iko salama. Usiongeze chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha maji kuganda, na mchanganyiko huo unaweza kuunguza ngozi kwa baridi. Mabwawa ya tiba ya maji baridi ya chumvi ni jambo jingine, kwa sababu mashine ndiyo inayodhibiti joto lake.

Kwa muda gani?

Dakika 20 hadi 30, kila baada ya saa 3 au 4, kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo.

Laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato, ina kanuni yake: hapo baridi huendelea usiku na mchana. Mwaka 2004 van Eps na Pollitt wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipoza mguu mmoja wa mbele wa kila farasi kwa saa 48 baada ya kuwapa kinachosababisha ugonjwa huo, na madhara katika kwato zilizopozwa yalikuwa madogo zaidi. Tiba hiyo isimamiwe na daktari, na barafu isiishe usiku wa manane.

Watu hukosea wapi?

Wengi hufunga pakiti ya jeli kutoka friza moja kwa moja kwenye ngozi kwa bandeji iliyokazwa. Weka kitambaa chembamba chenye maji katikati, na usikaze. Wengine humtembeza farasi mara tu baada ya barafu, wakaona hachechemei, wakafurahi. Neva zimekufa ganzi tu. Subiri angalau saa moja au mbili kabla ya kumpima mwendo.

Kosa la tatu ni kumwacha na mguu uliolowa. Ngozi iliyolainika hushambuliwa na *Dermatophilus congolensis*, bakteria aliyeelezwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1915, anayeleta magamba na vidonda kwenye vifundo. Kausha kwa taulo hadi kwenye mikunjo, ndipo ufunge pamba nene na bandeji, kwa mguu wenye uvimbe na mwenzake unaobeba uzito wa ziada.

Siku ya tano uvimbe umeisha. Nimpande?

Hapana. Uvimbe huondoka mapema sana kuliko kano kupona. Mwombe daktari apime kwa ultrasaundi kati ya siku ya 7 na ya 14, maana jeraha huweza kuendelea kupanuka siku za mwanzo na kipimo cha mapema mno hulionyesha dogo kuliko lilivyo. Kano ya nyuma iliyochanika huhitaji miezi 9 hadi 12, kwa matembezi ya kuongozwa yanayoongezwa polepole. Kila jioni shika miguu yote miwili. Joto likirudi baada ya matembezi, rudi kwenye barafu, punguza dakika za kutembea na umjulishe daktari.