Demani tatu na tumbili wa shaba: misemo ya Kiingereza iliyotoka melini

Wanafunzi wa tafsiri wakikutana na "three sheets to the wind", msemo wa kumtaja aliyelewa sana, kwa mara ya kwanza, huniletea mashuka. Mashuka matatu yanapepea, na karibu yake kuna mtu ambaye, haijulikani kwa nini, amelewa. Siwalaumu. Hata Waingereza wengi hudhani "sheet" hapo ni tanga, nao wamekosa.

Ni kamba. Hufungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, na baharia huikaza au kuilegeza ili tanga lishike upepo. Mabaharia wa majahazi wanaijua kwa jina la demani. Ikikazwa, chombo kinakwenda. Ikiponyoka, tanga linapigapiga hovyo na chombo kinakosa mwelekeo. Sasa waza meli yenye matanga mengi, demani tatu zimefyatuka kwa mpigo: inapepesuka huku na huku, na aliyeitazama kutoka gatini hakuhitaji kuelezwa inafanana na nani. Mabaharia walikuwa hata na vipimo. Demani moja ilikuwa ya mtu aliyechangamka tu. Tatu, hajui njia ya kwao. Maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 19 yanasema "in the wind"; hiyo "to" imekuja baadaye.

Kwa Kiswahili naandika "amelewa chakari". Ningependa kubaki baharini, na tunao msemo wa kwenda mrama, ambao asili yake ni kuyumba kwa chombo. Lakini siku hizi kinachokwenda mrama ni mipango, biashara na ndoa. Mlevi humtoi hapo.

"By and large" inanifurahisha zaidi, maana imejificha vizuri. Kila mtu huitumia kwa maana ya "kwa jumla", na ukimuuliza hiyo "large" inafanya nini pale, anakodoa macho. Kwenda "by the wind" ni kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo kadiri chombo kinavyoweza kustahimili. Kwenda "large" ni kinyume chake: upepo unatoka upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, na unakusukuma kwa raha. Kuna vyombo hodari wa joshi ambavyo upepo wa nyuma huvishinda, na vingine ni kinyume. Chombo kilichofaa kwa hali zote mbili kilisifiwa hivyo, "by and large", na sifa hiyo ikahamia nchi kavu katika karne ya 17 na ya 18 ikiwa na maana ya "ukitazama pande zote".

"To the bitter end", yaani hadi mwisho kabisa, ina ubishi kidogo. Nguzo za kufungia amari ya nanga huitwa "bitts", na mwaka 1627 nahodha John Smith aliandika kwamba sehemu ya amari inayobaki ndani ya meli ndiyo "bitters end". Amari ikifika hapo, hakuna tena ya kuachia. Wengine wanaelekeza kwenye Mithali 5:4, penye mwisho mchungu kama pakanga. Nadhani vyote viwili vimechangia, na sioni haja ya kuchagua.

Tatizo ni kwamba bahari inanogesha kila hadithi. Wapenzi wa asili za maneno wana utani kuhusu kamati ya kubebesha kila msemo asili ya ubaharia, na mwanachama wake mkuu ni tumbili wa shaba. Waingereza husema baridi inaweza kumng'oa tumbili wa shaba korodani. Utaambiwa kwamba "monkey" lilikuwa sinia la shaba la kupangia tufe za mizinga, na kwamba kwenye baridi shaba ilisinyaa kuliko chuma, tufe zikaporomoka. Siamini. Tofauti ya kusinyaa ni ndogo mno kuangusha kitu, na tufe ziliwekwa kwenye mbao zilizotobolewa. Nani apange piramidi ya vyuma juu ya sitaha inayopanda na kushuka? Isitoshe, mwaka 1847 mwandishi wa riwaya Mmarekani, Herman Melville, alimpa mhusika wake maneno yanayohusu joto: joto la kuyeyusha pua ya tumbili wa shaba. Pua, basi. Baadaye likaja baridi na mkia, na korodani zikafuata kwa wenye midomo michafu.

Nikiutafsiri, naandika "baridi ya kupenya mifupani". Mhariri akitaka tumbili, aniongezee malipo.